Kina kwanza, chambo baadaye: uvuvi wa kukokota kwenye maziwa makubwa

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485. Limeyapita Ontario (mita 244), Michigan (281) na hata Superior (406), yale maziwa ya Amerika ya Kaskazini ambako watu hukokota vyambo nyuma ya boti wakitafuta trauti na samoni. Lakini katika mita zote hizo, samaki wa Kivu wanaishi ghorofa ya juu tu. Wakati wa kiangazi, upepo wa Juni hadi Agosti unapochanganya maji, oksijeni hushuka hadi mita 60 hivi. Msimu wa mvua huishia karibu na mita 30. Chini ya hapo ni maji yenye kaboni dioksidi na methani, na hakuna samaki anayepumua humo.

Hesabu hiyo ndiyo mlango wa kazi yote ya kukokota. Kwenye mto unaona jiwe, unaona maji yanapopinda, unajua samaki amejificha wapi. Kwenye ziwa kubwa huoni kitu, ni maji mpaka ng'ambo. Swali la kwanza basi ni hili: samaki wako chini mita ngapi? La pili: chambo changu, huko chini kilipo, kinakwenda kasi gani? Rangi ya chambo, umbo lake, bei yake, hayo yote yanakuja baada ya hapo. Bukavu na Goma, miji ya ufukoni mwa Kivu, siku hizi kuna vijana wanaotazama video za uvuvi huu kisha wanaagiza vyambo vya rangi kumi na mbili, na mtumbwini hawana hata kilo moja ya chuma ya kuvishusha. Vyambo hivyo vyote vinaogelea mita moja chini ya uso wa maji, mahali ambapo mchana hakuna anayevitafuta.

Wenzetu wanasoma kipimajoto

Kwenye Ziwa Ontario au Michigan, majira ya joto, maji ya juu hupita digrii 20, na ya chini kabisa hubaki kwenye digrii 4 au 5. Katikati kuna mpaka mwembamba ambapo joto linaporomoka ghafla ndani ya mita chache. Samoni aina ya Chinook hupenda digrii 11 hadi 13. Trauti wa ziwa hupenda baridi zaidi, digrii 7 hadi 11. Trauti wa upinde wa mvua hukaa juu kidogo, digrii 13 hadi 16. Kwa hiyo mvuvi anashusha kipimajoto, anasoma mita, na anaweka chambo chake kwenye digrii anazozitaka. Upepo ukivuma siku mbili kutoka nchi kavu, maji ya juu yanasukumwa kwenda ng'ambo na yale ya baridi yanapanda, na samaki waliokuwa mita 25 jana wanakuwa mita 8 leo. Mtu anayeshikilia kina cha jana anarudi mikono mitupu na kulaumu mwezi.

Samoni hao hawakuwa wa maziwa hayo. Jimbo la Michigan liliwapanda: Coho mwaka 1966 na Chinook mwaka 1967, kwa sababu samaki mdogo wa fedha aliyeingia kutoka baharini alikuwa amezaana kupita kiasi na kuoza kwa malundo ufukweni. Walileta mla-samaki ili apunguze samaki wadogo. Kwetu ilikuwa kinyume chake: sambaza, aina ya dagaa, aliletwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, akakuta maji ya katikati ya ziwa hayana mwenyewe, na hadi leo hakuna samaki mkubwa wa kumfukuza huko. Ndiyo sababu Kivu tunavua sambaza usiku, kwa taa na wavu wa kuinua kati ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na wala hatukokoti. Hakuna cha kukokotea. Tilapia na kambale hawafuati kijiko (chambo cha chuma kinachong'aa) kinachokimbia katikati ya ziwa, na wale ndugu wadogo wa tilapia wanaoishi kwenye mawe ya kando ni kitu cha ndoano ndogo na funza.

Kila mara linapozungumzwa hili kuna mtu anauliza kwa nini tusibebe sangala wadogo (ndugu wa sangara wa Victoria) kwenye bidoni kutoka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, tukawamwage Kivu. Jibu langu ni hapana, na si hapana ya adabu. Ziwa Victoria walimwaga sangara miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 samaki wadogo wa asili walikuwa wamefagiliwa kwa mamia ya aina. Kivu lina aina kama kumi na tano za samaki hao ambao hawapatikani kwingine duniani, na lina sambaza wanaolisha soko la Kadutu la Bukavu na la Virunga la Goma kila asubuhi. Waache walivyo.

Kwa hiyo mtu wa Bukavu anayetaka kukokota kweli anashuka barabara ya mteremko wa Ngomo kwenda Uvira, kwenye Tanganyika. Lakini mazoezi anaweza kuyafanya hapa hapa nyumbani, nitaeleza namna.

Kushusha chambo

Njia ya maskini ni kufunga uzito kwenye uzi wenyewe. Chukua uzi wa kilo 15 hadi 20, funga pete ya kuzunguka (ile inayouacha uzi ujizungushe bila kujisokota), ning'iniza hapo uzito wa gramu 300 hadi 500, kisha endelea na mita 5 hadi 8 za uzi mwembamba zaidi mpaka kwenye chambo. Inafanya kazi vizuri mpaka mita 10 au 12. Ukitaka zaidi ya hapo, unaanza kupigana na uzito badala ya samaki: samaki wa kilo moja ukimvuta pamoja na nusu kilo ya chuma, hujui hata kama bado yumo.

Njia ya Wamarekani ni kutenganisha hivyo viwili. Uzito una waya wake na winchi yake. Uzi wa kuvulia unabanwa kwenye waya huo kwa kibanio chepesi. Samaki akigonga, kibanio kinaachia, na unabaki na samaki peke yake kwenye fimbo. Kule hutumia tufe la madini ya risasi la kilo 4.5 hadi 5.5. Huku winchi ya dukani huioni, lakini fundi wa baiskeli anaweza kukutengenezea moja kwa siku moja.

Chukua rimu ya baiskeli ya inchi 28, ile kubwa nyeusi ya zamani, pamoja na ekseli yake. Ifunge kwenye ubao imara ubavuni mwa boti, nyuma kidogo ya katikati. Waya unajizungusha ndani ya mfereji wa rimu. Uzuri wake ni kwamba mzunguko mmoja unatoa karibu mita 2 za waya. Pima ya kwako kwa uzi kabla ya kuiamini, maana chini ya mfereji ni pafupi kidogo kuliko ukingoni. Kisha unahesabu mizunguko tu: nane ni kama mita 15. Weka mkono wa kuzungushia kwenye spoki mbili zilizoimarishwa, na pini ya chuma ya kupitisha kati ya spoki ili rimu isimame. Pini hiyo ikiruka tufe likiwa nje, mkono wa winchi unazunguka kama panga la feni. Usijaribu kuukamata kwa vidole. Shika ukingo wa rimu kwa kitambaa kinene au glavu ya ngozi, punguza kasi taratibu, ndipo urudishe pini.

Waya uwe mwembamba. Waya wa chuma uliosukwa wa milimita moja au moja na nusu unatosha. Watu hutumia kamba ya nailoni ya milimita 4 kwa sababu ipo sokoni na haikati mikono, kisha wanashangaa tufe linaelea nyuma badala ya kwenda chini. Maji husukuma kamba nene kwa nguvu zaidi kuliko yanavyosukuma tufe lenyewe.

Na tufe ni la nini? Hapa ndipo wengi wanapodanganywa na mizani. Saruji ya kilo 5 iliyomwagwa kwenye kopo la maziwa ya unga ina uzito wa kilo 5 mezani, lakini ndani ya maji inabaki na kilo tatu kasoro kidogo. Chuma cha kilo 5 kinabaki na kilo 4.3 na zaidi. Madini ya risasi, kilo 4.5 hivi. Kwa hiyo tafuta chuma: gia kuukuu ya lori, jiwe la mizani, kipande cha ekseli. Kama ni saruji tu unayoipata, tengeneza ya kilo 8. Na nyuma ya tufe la aina yoyote weka pezi la bati, upana wa kiganja, ili liende limenyooka. Tufe lisilo na pezi linazunguka na kusokota uzi kwenye waya mpaka viwe kitu kimoja.

Kibanio: elastiki ya ofisini, ile nyembamba. Izungushe kwenye uzi mara mbili ijikaze yenyewe, kisha itundike kwenye kipande cha waya kilichopindwa juu tu ya tufe. Ikatike kwa mvuto wa kilo moja hadi moja na nusu. Jaribu nchi kavu kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu ni imara mno kwa kazi hii: samaki mdogo anakokotwa nusu saa bila wewe kujua, na anafika juu amekufa na kuvimba.

Pembe ya waya

Ukitoa mita 20 za waya, chambo hakiko mita 20. Boti inakwenda, tufe linabaki nyuma, na waya unalala. Chukua kipimapembe cha seti ya jiometri ya mtoto wa shule, kifunge uzi wenye nati, na upime waya umelala kiasi gani kutoka wima. Kwa mita 20 za waya:

digrii 30, kina ni kama mita 17;
digrii 45, mita 14;
digrii 60, mita 10 tu.

Hizo ni za waya ulionyooka. Waya wa kweli hupinda, umelala zaidi juu na kusimama zaidi chini, kwa hiyo tufe huwa chini kidogo kuliko jedwali linavyosema. Kosa hilo si baya kama kutopima kabisa. Ukifika digrii 45, usiendelee kutoa waya: ongeza uzito au punguza mwendo.

Haya ndiyo mazoezi ya kufanya kwenye ghuba ya Bukavu. Tafuta mahali ambapo chini ni tope, mbali na mawe na mbali na nyavu, pima kwa kamba yenye jiwe mpaka upate mita 15. Kokota tufe tupu, bila ndoano, na uongeze waya kidogo kidogo mpaka uone waya unatetemeka na kulegea: tufe limegusa. Andika mizunguko na pembe. Rudia kwa mwendo mwingine. Baada ya asubuhi moja una jedwali la boti yako mwenyewe, na jedwali hilo lina thamani kuliko vyambo vyote vya dukani.

Mwendo

Samoni hukokotewa kilometa 3 hadi 5 kwa saa, trauti wa ziwa polepole zaidi, kilometa 2.5 hadi 3.5. Kwa sangala na kuhe (samaki mkubwa wa karibu na pwani) wa Tanganyika anzia 4 na upande mpaka 6. Simu yenye ramani inatosha kupima. Wapiga kasia wawili kwenye mtumbwi wanafika 4 bila shida, na kwa kweli kasia hukokota vizuri kuliko mota: kila mvuto chambo kinaruka kidogo, kisha kinalegea, na mara nyingi samaki hugonga kwenye kulegea huko.

Mota ya nguvu za farasi 15 kwenye boti nyepesi inakwenda kasi mno hata ukiipunguza mpaka mwisho. Toboa ndoo mbili za lita 20, matundu manne manne ya kidole gumba chini, na uziburute ubavuni, moja kila upande. Kamba iwe fupi kiasi kwamba ndoo haiwezi kuifikia rafadha hata ukikata kona. Halafu kuna suala la buji, ile plagi inayowasha moto ndani ya mota. Mota za kuchanganya mafuta na esansi hazipendi kuunguruma polepole saa nzima, buji inajaa mafuta meusi na mota inazima, kwa kawaida upepo unapoanza. Kila nusu saa pandisha mwendo kwa dakika moja (nyanyua vyambo kwanza), na uwe na buji mpya na ufunguo wake kwenye mfuko wa plastiki.

Kuna jambo simu haiwezi kukuambia. Simu inapima boti juu ya dunia. Chambo kinasikia maji ya kina chake, na maji hayo yana safari yake. Ukienda kusini kwa kilometa 4 waya unalala digrii 20, ukirudi kaskazini kwa kilometa zile zile unalala digrii 40: maji ya chini yanatembea kwenda kusini. Iamini pembe. Rekebisha mota mpaka waya ulale sawa pande zote mbili.

Kabla ya kushusha chambo chochote, kiburute kando ya boti kwa mwendo unaokusudia na ukitazame. Kijiko kizuri kinayumba kushoto na kulia kama mtu aliyechoka. Kikizunguka mzunguko kamili, mwendo ni mkali mno au kimepinda vibaya. Kikija kimelala kama kijiti, mwendo ni mdogo.

Vijiko na rangi

Kijiko cha mezani cha chuma kisichoshika kutu, kata mkono, toboa tundu la milimita 3 kila mwisho, umbali wa milimita 4 kutoka ukingoni. Piga msasa kingo mpaka zisikate uzi. Mbele pete na pete ya kuzunguka, nyuma pete na ndoano ya ncha tatu. Kwa mukeke (ndugu mdogo wa sangala) tumia kijiko cha chai, kwa sangala na kuhe cha supu. Vijiko vyembamba vya bei rahisi ni bora kuliko vile vizito vya harusi, maana vinayumba kwa mwendo mdogo.

Kuhusu rangi, kumbuka maji hunywa nyekundu kwanza. Kwenye mita 10 na zaidi chambo chekundu kinakuwa cheusi tu. Fedha, bluu na kijani vinaendelea kuonekana chini zaidi. Huo ndio mjadala wote wa rangi, kwa maoni yangu. Muhimu zaidi ni ncha: ikwaruze kwenye ukucha, ikiteleza bila kushika, ipige tupa.

Umbali kati ya tufe na chambo unategemea kina na uwazi wa maji. Tanganyika ni maji meupe, na kwenye kina kisichozidi mita 8 samaki anaona boti. Hapo weka chambo mita 20 hadi 30 nyuma ya tufe. Kwenye kina kinachozidi mita 15, mita 5 hadi 10 zinatosha, na uzi mfupi hauleti fujo kwenye kona.

Kazi yenyewe

Anza na nyuzi mbili. Nyuzi nne kwenye boti ya mita 6 ni mafundo manne. Boti ikiwa inatembea tayari, toa chambo mpaka umbali uliouchagua, tundika elastiki, kisha shusha tufe polepole huku uzi wa fimbo ukiufuata kwa kidole juu ya mulineti (kile kirigi cha kukunjia uzi kwenye fimbo). Ukifika kina, funga mulineti na uvute mpaka ncha ya fimbo iiname kama inayonywa maji. Fimbo iliyonyooka na uzi uliolegea haitakuambia chochote.

Samaki akigonga, ncha iliyoinama inaruka juu ghafla, inasimama wima kwa nusu pumzi, elastiki imekatika, kisha inainama tena kwa nguvu kuelekea nyuma. Katika nusu pumzi hiyo zungusha mulineti upesi ukusanye uzi uliolegea. Usizime mota. Kosa hili ndilo linalopoteza samaki wengi: boti ikisimama, uzi unalegea na ndoano inatoka mdomoni. Punguza tu, uendelee mbele. Mwenzako anyanyue tufe, kisha uzi wa pili.

Breki ya mulineti iwe robo ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 12, breki ya kilo 3, ipimwe kwa mizani ile ile ya nyama. Asiye na mulineti akitumia uzi wa mkono, aunge katikati mita moja ya ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli kati ya uzi na boti. Mpira huo unapokea pigo la kwanza ambalo lingekata uzi au kupasua mdomo wa samaki. Na uzi wa kusukwa usiuzungushe kwenye kidole kamwe.

Usiende mstari ulionyooka. Andika herufi ya S ndefu. Kwenye kona chambo cha nje kinakimbia na kupanda, cha ndani kinapunguza na kushuka. Kama samaki wote wanagonga upande wa ndani, wanakuambia uko kasi mno au juu mno. Hiyo ni habari ya bure. Kona iwe pana, ukikata ghafla nyuzi zinakutana.

Tanganyika ina sheria zake

Usibebe kanuni ya kipimajoto kwenda Uvira. Tofauti ya joto kati ya juu na chini Tanganyika ni digrii chache tu, haimpangi samaki kama kule Ontario. Kinachompanga ni chakula, mwanga na oksijeni, ambayo upande wa kaskazini huisha kwenye mita mia moja hivi. Ndagala (dagaa wa Tanganyika) hupanda usiku na kushuka mchana, na mukeke huwafuata. Kwa hiyo kukishapambazuka kokota mita 3 hadi 10, ukitazama ndege na maji yanayochemka. Jua likipanda shuka mita 20, 30. Saa nne asubuhi mtu anayeendelea kukokota juu anachoma esansi.

Sangala ni aina kadhaa, na wakubwa hupenda ukingo ambapo mwamba unaporomoka kwenda kilindini. Fuata ukingo huo, tufe likiwa mita 3 hadi 5 juu ya sakafu. Bila sona (kifaa cha kupima kina kwa sauti), pima kwa jiwe kila mita mia mbili kabla ya kushusha kitu, la sivyo tufe lako litabaki huko.

Kuhe ni wa karibu na pwani, mita 5 hadi 20, mchanga uliochanganyika na mawe. Huja kwa kijiko kwa hasira. Wakiwa wawili juu ya kundi la watoto, waache: baba na mama hulinda pamoja, na ukimtoa mmoja watoto wote wanaliwa kabla hujafika sokoni.

Mbali na hayo, epuka mdomo wa mto Ruzizi, kuna viboko na mamba. Jile ya kuokoa ivaliwe, isikaliwe. Na kabla ya mapambazuko usikokote kabisa: ziwa limejaa nyavu za watu zilizotegwa usiku, na ndoano ya ncha tatu ikiingia kwenye wavu wa mwenzako unakata uzi wako, si wavu wake. Vibuyu vya plastiki vinavyoelea kwa mstari vinakuonyesha wavu unapoelekea. Zunguka, hata kama ni nusu kilometa.

Samaki wa kupanda nao mpaka Bukavu akatwe matamvua akiwa bado hai ili damu itoke, atumbuliwe pale pale, na apangwe kwenye barafu kilo kwa kilo, barafu iingie na tumboni. Barafu inunuliwe Uvira jioni ya kuamkia safari, maana asubuhi wauza ndagala wanakuwa wameimaliza.